Tanga Lako Litaonwa na Nani?

Garissa haina bahari, lakini ina maturubai tele. Kandokando ya barabara za mji utawakuta mafundi wameketi kivulini, cherehani nzito mbele yao, wakishona vifuniko vya malori yaendayo Dadaab, Liboi na Wajir. Kitambaa wanachokishona ni ndugu wa kile ambacho fundi wa Lamu hukikata akakifanya tanga: kizito, kigumu mkononi kikiwa kipya, chenye kulainika kadiri jua na umande vinavyokizoea. Fundi wa Garissa hukishona kizuie upepo, fundi wa Lamu hukishona kiushike.

Jamaa yangu mmoja, mtu wa mifugo tangu ujana wake, ameagiza mashua ijengwe Matondoni, kisiwani Lamu. Haitaki kwa uvuvi wala kwa mizigo. Anataka kusafiri nayo na wanawe wakati wa likizo, mpaka Kiunga kwa upande mmoja na mpaka Kipini kwa upande wa pili, taratibu, wakilala pale jua litakapowachwea. Mkuku umekwisha kulazwa, mbao zinaendelea kupigiliwa, na sasa limebaki jambo linalomkosesha raha kuliko gharama yenyewe, nalo ni rangi ya tanga. Ameona picha za mashua za Ulaya zenye matanga ya hudhurungi iliyoiva, karibu nyekundu, akazipenda. Ameona ya buluu pia. Watu wa Lamu wamemwambia tanga ni jeupe na maneno yaishe. Akanipigia simu, kwa kuwa niliwahi kuishi pwani, akaniuliza: "Walaal, rangi ni rangi tu, au kuna jambo nisilolijua?"

Lipo jambo, na ni kubwa kuliko mashua yake.

Nianze na yale matanga ya hudhurungi yaliyomvutia. Hayakuanza kama pambo. Zamani tanga lilikuwa pamba au kitani, na vitambaa hivyo vikikunjwa vikiwa na unyevu huota ukungu, huoza, halafu huchanika siku upepo unapokuwa mkali, yaani siku ile ile ambayo baharia analihitaji tanga lake kuliko siku zote. Wavuvi wa Uingereza na wa Bretagne kule Ufaransa walijua kwamba maji ya magome ya miti yaliyochemshwa huzuia kuoza. Walitumia gome la mwaloni, baadaye wakatumia utomvu mkavu uliotoka Asia, uliochemshwa kutokana na mti wa jamii ya migunga. Waliloweka matanga, wakaloweka nyavu na kamba, wakaanika. Kilichotoka humo kilikuwa cha hudhurungi kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa ya hudhurungi. Mashua za mizigo za mto Thames, ambazo matanga yao hayakuwa yakishushwa bali yalikusanywa juu kwa kamba na kubaki mvuani mwaka mzima, zilipakwa mchanganyiko wa udongo mwekundu, mafuta ya samaki na maji ya bahari. Wekundu ule uliokuja kuchorwa na wasanii na kusifiwa na wapita njia ulikuwa ushahidi wa kazi ya mikono. Aliyeliona tanga limeiva rangi alijua kwamba mwenyewe amelihudumia. Aliyeliona limepauka alijua kwamba zamu imepita bila huduma.

Nimetaja migunga, na mtu wa Garissa hawezi kuupita mti huo bila kusimama. Katika nchi za Wasomali, kina mama wametoa nyuzi katika gome la mgunga uitwao galool, wakazisokota na kufuma mikeka ya kufunikia aqal, nyumba ya mviringo inayofunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia familia inapohama. Mikeka hiyo ina rangi ya gome lenyewe. Hakuna aliyekaa akachagua kati ya rangi tano. Mti umetoa uzi, uzi umetoa mkeka, mkeka umetoa kivuli, na rangi imekuja pamoja navyo bila kuulizwa. Pwani nako, gome la mkandaa na mikoko mingine limetia wekundu katika ukindu wa mikeka na limetumika kutengeneza ngozi. Wakati wa ukoloni magome hayo yalivunwa katika delta ya Rufiji na katika mikoko ya Lamu, yakasafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Maarifa yale ya Bretagne, kwa hiyo, si mageni kwetu. Mvuvi, mama mfumaji wa mikeka na fundi wa ngozi wote walijifunza kitu kimoja kutoka kwa miti, kwamba ndani ya gome mna ulinzi, na ulinzi huo una rangi.

Hata weupe wa vyombo vya Lamu una asili kama hiyo. Chombo kikivutwa ufukoni, ile sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama, ili wadudu wanaotoboa mbao wasipate njia. Mbao za juu hunyweshwa sifa, mafuta ya samaki yenye harufu isiyosahaulika, nazo zikaiva na kuwa nyeusi za kung'aa. Mgeni hupiga picha ya chombo cheupe chini na cheusi juu akasema watu hawa wanajua kupanga rangi. Wanajua kutunza mbao, na rangi imefuata.

Siku hizi matanga mengi ya mashua za safari duniani hushonwa kwa poliesta. Poliesta haiozi kwa unyevu. Ile hudhurungi ya zamani inauzwa bado, lakini sasa ni rangi ya kiwandani, na gome limebaki nje ya habari hiyo. Mwenye mashua huilipia zaidi kuliko nyeupe, na mara nyingi aina za uzito wa kitambaa za kuchagua huwa chache. Jamaa yangu alipolisikia hilo aliniuliza kama basi kuvaa rangi hiyo ni udanganyifu. Sidhani hivyo. Mtu anaweza kuipenda rangi ya babu wa mabaharia bila kuwadhulumu. Ila ajue kwamba adui amebadilika. Poliesta huliwa na jua, na jua la Lamu halina mzaha. Anayetaka kuenzi kazi ya wale waliochemsha magome na alifunike tanga lake kila anapotia nanga, saa ile ile, kila siku, hata akiwa amechoka. Hayo ndiyo matunzo ya leo. Asiyelifunika tanga lake na huku analisifia kwa rangi ya asili amechukua jina akaacha kazi.

Kuna chombo kimoja ambacho nakifikiria kila ninapouvuka mto Tana nikielekea kusini, nacho ni mtepe. Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu walikijenga kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mraba, mkeka uliofumwa. Mitepe ya mwisho iliyofanya kazi ilitoweka baharini katika karne ya 20, na sasa tunaijua kwa picha na kwa mifano iliyomo katika makumbusho. Omo yake ilinyanyuka mbele kama shingo, na ncha yake ilitengenezwa na kupambwa ionekane kichwa cha ngamia. Wenyewe walisema ni kwa kumkumbuka ngamia wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Ilikuwa na macho pande zote mbili, na mapambo yake yalikuwa ya nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Hebu mfikirie mchungaji wa Ijara, ambaye nchi yake inapakana na Lamu, ameshuka mpaka ufukoni na wanyama wake, akainua macho akaona baharini shingo ya ngamia, na juu yake mkeka uliotandazwa kama ule unaofunika nyumba ya mama yake. Ningependa kujua aliwaza nini. Watu wa bara kavu na watu wa bahari huzoea kudhani kwamba hawana la kuambiana, na sisi wa Garissa tumeaminishwa muda mrefu kwamba bahari ni ya wengine. Mtepe unasema vingine. Tanga lake lilikuwa na rangi ya majani makavu, na rangi za hiari ziliwekwa hasa kichwani, palipobeba kumbukumbu. Nalipenda sana jambo hilo. Kazi imeachiwa rangi yake ya asili, heshima imepewa rangi ya kuchagua.

Sababu nyingine ya watu kutia matanga rangi ni kutambulikana na watu wao. Huko Chioggia, karibu na Venice nchini Italia, familia za wavuvi zilipaka matanga yao kwa udongo wa manjano na mwekundu uliochanganywa na maji ya bahari, kila familia na mchoro wake, ili waliobaki nchi kavu wamjue mapema anayerudi. Mfugaji wa kaskazini mashariki halihitaji somo hilo. Ngamia wa kila ukoo ana alama yake ya moto, na mtu anaweza kumtambua mnyama aliyepotea mbali na malisho yake kwa alama hiyo, akapeleka habari kwa wenyewe. Katika soko la mifugo la Garissa mnunuzi akishalipa humpaka mbuzi au ng'ombe doa la rangi mgongoni, nyekundu, kijani au buluu, asije akapotelea katika umati wa wanyama wanaofanana. Doa lile halikusudiwi kupendeza. Linasema huyu ana mwenyewe, na mwenyewe yupo.

Lakini angalia Lamu. Matanga ya pale, kwa miaka mingi, yamekuwa meupe au rangi ya pamba isiyosafishwa, na siku ya mashindano yanapanda yote pamoja mbele ya mji. Mgeni huona matanga yanayofanana. Mzee aliyeketi kwenye baraza ya ufukoni huita kila moja kwa jina la chombo na la nahodha, naye hajasogeza hata kofia yake. Anajua mkato wa tanga, anajua namna foromali inavyolala, anajua kiraka kilichotiwa msimu uliopita na nani alikishona. Pale rangi haikuhitajika kwa sababu macho yalikuwapo. Jambo hili limenikaa moyoni. Tunapohangaika kuchagua rangi itakayotutofautisha na wenzetu, huenda tunakiri kwamba hakuna tena anayetutazama vya kutosha kutujua bila rangi. Jamaa yangu ni mgeni Lamu. Hakuna mzee wa barazani anayemjua. Hilo halina aibu, lakini ni sababu njema ya kukaa na watu wa Matondoni muda mrefu zaidi, anywe nao kahawa, wanawe wacheze na wana wao, kabla ya kwenda dukani kununua utambulisho kwa mita.

Rangi inaweza pia kutumiwa kusema uongo, na bahari yetu inayo kesi mashuhuri. Mwishoni mwa karne ya 19, wenye majahazi wa Sur, Oman, walipewa na Ufaransa ruhusa ya kupeperusha bendera yake. Waingereza, waliokuwa wakizipekua dhau kutafuta watumwa, hawakuwa na haki ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Wako waliokuwa na sababu halali za kuitaka, na wako waliofanya rangi zile tatu kuwa pazia la biashara ya watu. Shauri lilifika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 mahakama ya usuluhishi iliamua kuibana haki hiyo ya kugawa bendera. Mabwana wa sheria hulisoma shauri lile kwa ajili ya mambo ya mamlaka na mikataba. Mimi hulisoma nikiwafikiria waliofungwa chini ya sitaha, juu yao kitambaa kizuri kikipepea na kuwahakikishia walio mbali kwamba hakuna la kutazama. Rangi yoyote ya chombo ni ushahidi unaotolewa mbele ya watu wasioweza kuona ndani. Anayeichagua anatoa ushahidi, apende asipende.

Kwa wengi lakini hakuna cha kuchagua, na singependa tafakari hii iwasahau. Mwambao wote, kutoka kwetu mpaka Madagaska, utaona matanga yaliyoshonwa kwa magunia ya plastiki ya mchele na ya unga, maandishi ya kiwanda yakiwa yamegeuka chini juu. Kambini Dadaab, iliyoanzishwa 1991 vita vilipowafukuza watu Somalia, vibanda vya kwanza vilijengwa kwa fito za miti vikafunikwa kwa chochote kilichopatikana: nguo kuukuu, magunia ya msaada, turubai la plastiki lenye nembo. Umbo lilibaki lile la aqal. Rangi ilikuwa ya dharura. Nimeona vibanda vya namna hiyo vikiwa na rangi kumi katika ukuta mmoja, na nimewasikia wapita njia wakisema vimependeza. Sijui kama neno hilo lina haki ya kusemwa pale. Kiraka ni habari ya kitu kilichochanika. Anayekitazama inampasa kuanza na kuchanika huko kabla ya kuja kwenye rangi. Ndiyo maana nilimwambia jamaa yangu ashukuru kwanza kwamba tatizo lake ni kuchagua.

Hata hivyo, kuna waliochukua rangi za lazima wakazigeuza kuwa maneno. Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, dhau iliyojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya. Ubavu wake ulifunikwa kwa ndapala kuukuu zipatazo 30,000 zilizosombwa na mawimbi. Mapema 2019 ilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, na 2021 ikazunguka Ziwa Viktoria. Hakuna fundi aliyepanga rangi zile kwa kitabu cha mitindo. Zilikuwa rangi za miguu ya watu wa dunia, watoto na watu wazima, zilizotupwa zikaelea. Mahali popote ilipotia nanga watu waliuliza kwa nini, na swali hilo ndilo waundaji walilolitaka. Kati ya vyombo vyote vya rangi ninavyovijua, hicho kimeniridhisha kuliko vingine kwa ukweli wa rangi zake. Kila doa lina mahali lilipotoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi naliweka juu ya yote, hata juu ya uzuri na kumbukumbu. Tanga jeupe huonekana vizuri sana katika bahari tulivu ya buluu, asubuhi ya kaskazi. Kusi ikivuma kwa nguvu, bahari yote ikawa na povu na upeo ukajaa ukungu wa mvua, tanga jeupe ni povu miongoni mwa mapovu. Tanga la hudhurungi linatofautika na povu, lakini jua likishakaribia kuzama, au pwani yenye mikoko ikiwa nyuma yake, humezwa. La buluu naliweka mwisho, kwa kuwa anayelipeleka baharini anavaa rangi ya kitu kinachoweza kumficha. Wale wanaoshiriki mashindano ya masafa marefu chini ya kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, wametakiwa kuwa na tanga la dhoruba lenye rangi inayoonekana kwa mbali, kama ya machungwa ing'aayo. Jaketi za kuokolea maisha nazo, kwa kanuni za kimataifa, lazima ziwe na rangi ya kuonekana kwa urahisi. Watu hawakukaa wakakubaliana juu ya machungwa kwa sababu ni rangi nzuri. Wengi wanaona haipendezi. Wamekubaliana kwa sababu hakuna bahari yenye rangi hiyo.

Sisi wa Garissa tunalijua hilo kwa njia ya uchungu. Mvua ya 2024 iliujaza Tana ukavunja kingo. Barabara ya kuingia mjini kutoka Madogo ilifunikwa, na watu waliotaka kwenda hospitali, kazini au sokoni wakawa wanavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki moja kabla walipita kwa gari. Tarehe 28 Aprili, mashua iliyojaa abiria ilizidiwa na mkondo ikapinduka eneo la Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walifariki dunia. Maji ya Tana wakati wa mafuriko ni ya rangi ya udongo, mazito, na hayana haya; yanachukua mlango wa nyumba na mzoga wa mbuzi kwa mwendo mmoja. Katika maji kama hayo shati la kahawia halionekani, kichwa cha mtu hakionekani, mkono ulioinuliwa unafanana na tawi. Kinachoonekana ni kile kilichovaliwa kwa kusudi la kuonekana. Waliokuwa ukingoni siku za mafuriko yale wanajua namna jicho linavyotafuta doa moja la machungwa katika upana wote ule wa matope, na linavyotulia likiliona.

Toka siku hizo siwezi kuizungumzia rangi ya chombo kama jambo la mwenye chombo peke yake. Kuna mtu ukingoni, au juu ya chombo kingine, au katika ndege, ambaye siku moja huenda akapewa kazi ya kukutafuta. Hakujui. Hajala tangu asubuhi. Macho yake yamechoka kwa mng'ao wa maji. Rangi uliyoichagua dukani ukiwa umeshiba, umekaa kivulini, ndiyo itakayomsaidia au kumtesa. Ninaona ni adabu kumfikiria mapema. Watu wetu wana desturi ya kubisha hodi kabla ya kuingia ili mwenyeji ajiandae; kuonekana baharini ni aina ya adabu hiyo hiyo, kumpa mwenzako nafasi ya kukufanyia wema.

Atakayepinga ataniambia kwamba rangi ing'aayo inaharibu sura ya mashua ya kiasili, kwamba tanga la machungwa mbele ya mji wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa Urithi wa Dunia, ni ukosefu wa heshima. Nalisikia, na nalikubali nusu yake. Sitaki kuona ufuko wa Lamu umegeuka mabango. Lakini watu wa mtepe walikwisha kutufundisha namna ya kugawa. Tanga la kazi libaki na rangi ya kazi. Rangi ya kuchagua iwekwe mahali pamoja, penye maana.

Basi hivi ndivyo nilivyomjibu jamaa yangu, na najibu vivyo hivyo kwa yeyote mwenye swali lake. Tanga kubwa liwe la rangi ya pamba isiyosafishwa, si nyeupe kabisa, kwa kuwa weupe mtupu chini ya jua la ikweta huumiza macho ya anayeshika usukani mchana kutwa, na rangi nzito nayo hunywa joto. Kama moyo wake umefungwa kwenye hudhurungi, na aichukue, mradi alifunike tanga lake kila anapotia nanga na asisafiri nayo jioni bila taa, kwa sababu usiku rangi zote ni moja na taa ndiyo inayosema. Katika pembe ya juu kabisa, kwenye ncha ya foromali, ambapo huonekana kwanza chombo kinapochomoza upeoni, ashonee kipande cha rangi ya machungwa kisichopungua urefu wa mkono wake. Tanga dogo la dhoruba liwe la machungwa lote. Alama ya ngamia wa ukoo wake, ambayo binti yake mkubwa ameomba iwekwe, na iwekwe omo, karibu na macho ya chombo. Kipande kile cha machungwa fundi wa maturubai wa Garissa anaweza kukikata na kukitia pindo kwa muda mfupi, na bei yake haifiki hata ya mbuzi mmoja.

Kwa ninyi mnaovusha watu katika Tana maji yanapojaa, na kwa serikali za kaunti za Garissa na Tana River, neno langu ni fupi zaidi. Mvua hazitangoji. Nunueni jaketi za machungwa za kutosha kila abiria, na za watoto kwa kimo chao, sasa hivi ukingo ungali mkavu, na mashua isiyo nazo isiruhusiwe kuondoka.